Kiti cha Kilomita Mia Tisa

"Karibu ukae, Daktari."

"Asante, Fundi. Nitasimama."

Sindano akaacha kukanyaga cherehani. Karakana ile ilikuwa na viti kumi na saba: vya pikipiki, vya magari, na makochi mawili ya watu waliosahau kuja kuyachukua. Mteja amevikataa vyote! Akamtazama vizuri. Daktari alikuwa mlangoni na helmeti kwapani, miguu ameitanua, uso umemkunjamana kama wa mgonjwa wake mwenyewe.

"Unaumwa wapi?"

"Pale pale ulipopapima."

Ikabidi Sindano aume mdomo asicheke. Aliyekuwa akiumwa ni mtu mzima mwenye heshima zake, daktari wa meno wa mtaa wa pili, na mahali penyewe hapatajwi mbele za watu.

Sindano si jina alilopewa na wazazi wake. Mtaa ndio uliompa, kwa sababu mbili: hakuna aliyeshona viti kama yeye upande ule wa mji, na ulimi wake ulichoma. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, hajaolewa, na kila aliyemwuliza kwa nini alirudi kwake akijuta kuuliza. Karakana ilikuwa ya baba yake. Mama alifariki binti akiwa na miaka tisa, na tangu hapo wakabaki wawili, Mzee na mwanawe, cherehani mbili zikitazamana, gundi ikinuka mpaka kwenye mito ya kulalia.

Wiki mbili kabla ya asubuhi hiyo Daktari alikuwa amekuja na pikipiki yake kubwa, ile ya safari za mbali, yenye kioo cha kukinga upepo na masanduku mawili ubavuni, akaomba ashonewe kiti kipya. Sindano alimpima kama alivyofundishwa na Mzee. Unaweka udongo wa mfinyanzi kwenye ubao, unaufunika kwa nailoni, mteja anaukalia dakika kumi bila kutikisika, akiinuka ameacha alama yake. Dakika kumi ni nyingi kwa watu wasiojuana. Daktari alitazama dari, Sindano alitazama saa. Kisha kwa bahati mbaya, au nzuri, macho yao yakakutana, na dakika tatu zilizobaki hakuna aliyejua zilipita vipi.

"Unakaa upande," Sindano alisema alipoinama kuisoma ile alama. "Kulia kumezama zaidi."

"Nasimama upande. Wiki nzima nimeinamia vinywa vya watu, mguu wa kulia ndio unaonibeba."

"Pole."

"Wewe ni wa kwanza kunipa pole. Wengine wote huniuliza kama itauma."

Sasa kwa ile pole, Sindano akafanya kosa ambalo hulifanya fundi wa viti aliyeguswa moyo, hakuna mwingine. Alichukua sponji laini kuliko zote zilizokuwa dukani, akaikunja mara mbili, akaifunika kwa ngozi bandia nyeusi na mshono mwekundu. Ukikibonyeza kile kiti kilikuwa kinahema. Mzee alipita, akakigonga kwa ngumi, akaguna, akaenda zake.

"Haya, kimekuwaje?" Sindano aliuliza sasa, mikono kiunoni.

"Kilomita hamsini za kwanza nilikuombea dua, Fundi. Zilipofika mia nikaanza kuwa na mashaka. Mia tatu, sponji yote imelala, nimekalia mifupa yangu mwenyewe. Kurudi nimerudi nimesimama. Watoto wa njiani walikuwa wananipigia makofi wakidhani ni michezo."

Sindano akacheka, akashindwa kujizuia. Na Daktari, ambaye hasira zake alikuwa amezipanga vizuri tangu nyumbani, akajikuta anacheka naye. Wangeishia hapo yangekuwa mengine. Lakini Daktari akaongeza neno.

"Nikuulize, usikasirike. Umewahi kukaa kwenye pikipiki kwa saa kumi mfululizo?"

"Nina pikipiki yangu ya kupelekea viti kwa wateja."

"Saa kumi?"

"Nusu saa."

"Basi umeshona kitu usichokijua."

Loo! Katika miaka kumi na mitatu ya kazi, mteja aliwahi kumwambia Sindano amechelewa, mwingine akamwambia ana kiburi, lakini hakuna aliyemwambia hajui. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba mtu aliyeyasema maneno hayo alikuwa na macho mazuri.

"Na wewe unayejua, unakwenda kutafuta nini huko?" alimwuliza. "Mtu ana kazi yake, ana kitanda chake, anakwenda kilomita mia nne, anakunywa chai, anageuza. Akili timamu hiyo?"

Daktari akaiweka helmeti juu ya meza ya kukatia. Hakukasirika.

"Nilianza kwa kukosa basi," alisema. "Dada yangu alikuwa anajifungua mji mwingine, mumewe yuko mbali, na basi la mwisho limeondoka. Nilikuwa na pikipiki ya kwendea kazini, ya kawaida tu. Nikaipanda nilivyo, na koti la zahanati. Nilipofika, mtoto ameshazaliwa, kila mtu analia kwa furaha, na mimi nimesimama uani natazama barabara niliyotoka. Nilijionea aibu. Lakini kazi yangu yote, Fundi, iko sentimita ishirini mbele ya pua yangu. Siku ile niliona kilima, nikakifikia, nyuma yake kuna kingine. Nikasema, kumbe haya macho yana kazi nyingine."

Sindano alijiona na yeye: cherehani, mshono, ukuta, sentimita ishirini. Miaka kumi na mitatu ameshona viti vya watu wa kwenda, na yeye hajatoka.

"Hiyo pikipiki uliyoanzia bado unayo?"

"Ipo, imejaa vumbi."

"Ilete, yangu si ya safari. Nitaishonea kiti, na hicho nitakikalia mwenyewe. Tutaona nani anajua."

"Utakwenda peke yako?"

"Utatangulia unionyeshe njia. Usijipe umuhimu."

Ndivyo Sindano alivyoanza, na wanaodhani watu huanza kwa ushujaa wajue kwamba wengi huanza kwa kuudhiwa. Jumapili ya kwanza alikwenda kilomita sitini akarudi hoi. Jumapili ya nne akafika mia mbili. Kila Jumatatu alikifumua kile kiti na kukishona upya. Akajifunza kwamba kiti cha mbali ni kigumu, kipana nyuma na chembamba mbele, kinambeba mtu kwenye mifupa yake na si kwenye nyama zake. Mara ya tano kikamkubali. Siku hiyo hiyo akafumua na cha Daktari, akakishona kwa namna ile ile, upande wa kulia ukiwa na kipande cha ziada chini.

Akajifunza na mengine. Kwamba kona haigeuzwi kwa mikono, unatazama unakotaka kwenda na pikipiki inakufuata. Kwamba unakunywa maji kabla ya kiu. Kwamba mwendo wa mbali ni wa kutokata tamaa, kukimbia hakusaidii kitu. Na kwamba ukiwa na mtu mita hamsini mbele yako kwa saa sita, humwoni uso, husikii sauti yake, unaanza kumjua kwa mgongo: sasa amechoka, sasa amefurahi, sasa amepunguza kwa ajili yangu.

Jumapili ya kumi na moja, kwenye kituo cha mafuta, wakinywa chai kwenye vikombe vya karatasi, mgongo ule ukageuka.

"Fundi, nimezoea kutazama mbele," Daktari alisema. "Siku hizi ninatazama kioo cha pembeni tu. Nitagonga kitu."

"Kuna nini kwenye hicho kioo?"

"Kuna wewe."

Sindano akanywa chai, ikamwunguza, akasema tu, "Na mimi pia." Yule mwenye kujaza mafuta alijifanya anafuta pampu, masikio kayasimamisha.

* * *

Mzee hakuacha kukata ngozi Daktari alipoingia na kusalimu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Jino langu ni zima, kama ndilo lililokuleta."

"Sikuja kwa jino. Nimekuja kwa sababu nampenda binti yako."

"Wengi wanampenda. Mwenye duka hapo mbele anampenda, hupita mara nne kwa siku kuniuliza saa."

"Mimi naomba ruhusa ya kuja na wazee wangu."

Mkasi ukasimama. Sindano, aliyekuwa nyuma ya cherehani akijidai kutunga uzi, akaupitisha uzi kando ya tundu.

"Nikuulize, mng'oa meno," Mzee alisema. "Jumamosi uko wapi?"

"Barabarani."

"Jumapili?"

"Narudi."

"Kwa hiyo mwanangu ataolewa na Jumatatu."

"Baba!"

"Nyamaza, mama, nazungumza na mgeni." Mzee akavua miwani. Hakuwa na ukali usoni, na hilo ndilo lililomtisha Sindano. "Nimeshona viti vya pikipiki miaka arobaini. Wa mbele anajua anakokwenda. Wa nyuma anashikilia tu, kafumba macho, anapelekwa. Huyu nilimlea peke yangu, nikamsuka nywele kwa mikono hii yenye gundi. Sikumlea awe mzigo wa mtu."

"Hakai nyuma yangu, Mzee. Ana pikipiki yake."

"Ya kwendea na kurudia. Siku mtakayokwenda mbali kweli atachoka, utampakia nyuma, na hapo nyuma ndipo atakapobaki."

"Mbali kweli ni wapi, Baba?" Sindano aliuliza. Alikuwa amesimama.

"Kwa shangazi yako."

Kwa shangazi ni kilomita mia tisa. Basi hulala njiani.

"Kwa siku moja," Mzee akaendelea. "Kabla jua halijazama. Uiwashe mwenyewe, uizime mwenyewe, ushuke utembee kwa miguu yako hadi nilipokaa. Ukiweza, huyu alete wazee wake na nitawapokea kwa mikono miwili. Ukishindwa, asitajwe tena humu ndani."

"Mzee, hilo ni gumu hata kwa..." Daktari alianza.

"Sijakuuliza wewe. Wewe ni mwendawazimu wa siku nyingi, utafika tu. Namwuliza mwanangu."

Sindano alimtazama baba yake, akamtazama na yule mwingine. Hao wawili ndio watu wake duniani, na alijua akikubali anaweza kubaki na mmoja. Akikataa, pia mmoja.

"Umeahidi, Baba?"

"Nimeahidi."

"Basi nenda ukakate tiketi ya basi. Utangulie, usije ukasema hukuona."

Mzee akavaa miwani. "Ulimi huo umeutoa wapi?" alinong'ona, kana kwamba hajui.

* * *

Waliondoka saa kumi na moja alfajiri, barabara tupu, hewa ya baridi ikipenya kwenye glavu. Daktari alimpa sharti moja tu.

"Kila kilomita mia na hamsini tunasimama, umechoka hujachoka. Na usimfikirie baba yako mpaka mia nane."

"Na wewe nikufikirie?"

"Mimi niko mbele. Ukinisahau utanigonga."

Mia mbili za kwanza ziliisha kama mzaha. Mia nne, jua likawa utosini na mabega yakaanza kudai haki yao. Kwenye mia tano na hamsini upepo wa ubavuni ulimsukuma kwa saa nzima, shingo ikakakamaa, mkono wa kuume ukafa ganzi, na Sindano akalia ndani ya helmeti. Alilia kwa sauti, kwa raha zake, maana ndani ya helmeti hakuna anayekusikia. Akamtukana baba yake, akamwomba msamaha, akamtukana Daktari, hakumwomba msamaha. Alipomaliza akagundua jambo. Shingo inauma, mikono inauma, magoti yanauma, lakini pale pote palipomtesa Daktari siku ile, kwake palikuwa kimya. Kiti kilikuwa kimembeba. Alikuwa amekishona yeye, kwa mikono yake, na kilikuwa kimembeba kilomita mia tano na hamsini bila kunung'unika. Furaha iliyompata hapo hakuwahi kuipata maishani. Akaanza kuimba, na alipoishiwa nyimbo akazirudia.

Mia saba na hamsini walisimama kwa maji na mayai ya kuchemsha.

"Ulikuwa unaimba," Daktari alisema.

"Umejuaje?"

"Pikipiki ilikuwa inacheza."

Walikuwa mbele ya saa. Mia nane, Sindano akajiruhusu kumfikiria baba yake, na akatabasamu.

Kwenye mia nane na sitini, Daktari aliinua mkono wa kushoto, akayumba, akajivuta pembeni. Msumari mrefu kama kidole ulikuwa umeingia kwenye tairi la nyuma. Saa kumi na moja na dakika ishirini na tano jioni. Mbele kulikuwa na kilomita arobaini, na jua lilikuwa na saa moja na kidogo.

"Dakika kumi," alisema Daktari akipiga magoti. Aliutoa msumari, akaisokomeza gundi ya kuzibia tundu, ikashika vizuri. Kisha akachukua pampu yake ndogo ya mkono, akasukuma mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu mpini ukabaki mkononi. Walitazamana.

"Unayo yako?" aliuliza.

"Ulisema moja inatosha."

"Nilisema mimi hilo?"

"Ulilisema kwa madaha."

Walisubiri gari. La kwanza halikusimama. La pili lilisimama, dereva ana roho nzuri kabisa, hana pampu. Saa kumi na moja na dakika arobaini. Daktari alivua helmeti, nywele zimemlowa jasho, uso mweusi kwa vumbi isipokuwa palipokuwa na miwani.

"Nenda," alisema.

"Siendi."

"Sindano." Hakuwahi kumwita hivyo, siku zote alimwita Fundi. "Masharti yalikuwa yako. Hakusema mimi nifike."

"Sikuja huku kukuacha barabarani."

"Huniachi. Unatangulia."

"Sijui njia."

"Ni hii moja tu, na unajua kusoma vibao. Usinidanganye, mimi kila siku nadanganywa na watu waliolala bila kupiga mswaki."

Sindano hakucheka. Alimshika kola ya jaketi kwa mikono miwili. "Na kama nitashindwa bila mgongo wako mbele?"

"Mgongo wangu haukuwahi kukuvuta hata mita moja. Kilomita mia nane na sitini umekwenda mwenyewe, mimi nilikuwa nakuzibia mandhari tu." Akaiweka mikono yake juu ya mikono ya Sindano. "Nimesubiri miaka thelathini na minane kukupata, mpenzi wangu. Hapa nitasubiri saa mbili. Nenda kanitafutie nafasi kwa Mzee."

Alimbusu kwenye paji la uso, haraka, helmeti ikiwa nusu kichwani. Sindano akawasha mwenyewe, akaingia barabarani, na kwa mara ya kwanza tangu aanze mambo haya hapakuwa na mtu mbele yake. Barabara yote ilikuwa yake.

Hakukimbia. Tamaa ilimwambia ongeza, akili ikamwambia mwendo wa mbali ni wa kutokata tamaa, akaisikiliza akili. Kona zilikuja akatazama zilikokwenda, pikipiki ikamfuata. Jua lilikuwa mkono wake wa kushoto, kubwa, jekundu, na likiteremka waziwazi. Thelathini. Ishirini. Kumi. Lori likamziba, akalisubiri, njia ikafunguka, akalipita. Ukaja ukuta wa shule, duka la dawa, geti la bluu la Shangazi.

Mzee alikuwa amekaa kibarazani kwenye kiti cha mbao, uso kaelekeza magharibi. Kando yake alisimama Shangazi, dada yake mkubwa, mwanamke mnene mwenye kanga begani na simu mkononi. Jua lilikuwa limebaki ukingo mdogo juu ya paa la jirani.

Sindano akaizima pikipiki. Akashuka. Miguu ikamkataa.

Alisimama ameshika tangi, na Shangazi akapiga hatua kumkimbilia. "Mwache!" Mzee alisema, na sauti yake ilikatika. Sindano akavuta pumzi. Akaachia tangi. Hatua ya kwanza ilikuwa ya mtoto, ya pili ya mlevi, ya tatu ikawa yake. Alitembea mpaka kibarazani bila kuchechemea, akavua helmeti, akaiweka miguuni pa baba yake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama." Mzee alitazama paa la jirani. Ukingo ulikuwa bado upo. Ndipo Shangazi alipopiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia.

"Mng'oa meno yuko wapi?" Mzee aliuliza.

"Amepata pancha. Ameziba, ila pampu imevunjika. Yuko kilomita arobaini nyuma."

"Umemwacha?"

"Aliniambia nitangulie. Nilikataa, akasisitiza."

"Hakukuomba umngoje?"

"Alinikataza nisimngoje."

Mzee akainamisha kichwa. Akaiokota ile helmeti, akaisugua kwa kidole gumba mahali palipokuwa na wadudu waliokauka.

"Kwa hiyo hizi arobaini za mwisho umekuja peke yako kabisa. Hakuna wa mbele, hakuna wa nyuma."

"Peke yangu, Baba."

"Na kiti?"

"Kiti sikukihisi."

Hapo Mzee akalia. Hakujificha, hakusingizia vumbi. "Nilikuwa naogopa," alisema. "Si yeye tu. Niliogopa utakwenda, na mimi nitabaki na cherehani mbili. Nikasema nimpe jambo lisilowezekana. Ukaliweza. Na yeye, badala ya kung'ang'ania aonekane hapa mbele yangu kifua wazi, kakaa porini ili wewe ufike." Akafuta uso kwa kiganja. "Mwanaume wa namna hiyo ningemtafuta wapi?"

Sindano akamkumbatia, na jaketi lake lote la vumbi, na yule mzee akamng'ang'ania kama vile yeye ndiye aliyesafiri. Jua likazama nyuma ya migongo yao, na hakuna aliyelitazama.

"Haya, haya," Shangazi alisema akijifuta kwa kanga, "machozi yatatufaa nini na mtoto wa watu yuko barabarani? Jirani ana pampu ya mguu. Na helmeti ya mume wake ipo, kama kuna wa kumsindikiza."

"Nipe nirudi," Sindano alisema.

"Saa hizi?" aliuliza Mzee.

"Nimekuja peke yangu, Baba, nitarudi peke yangu."

"Sijasema huwezi. Nimesema saa hizi, kwa hiyo nichukue koti." Akasimama, akapiga magoti yake kofi moja moja kama anayaamsha. Jirani akaleta pampu na helmeti. Ilikuwa kubwa, ikamzamisha Mzee mpaka nyusi, na Shangazi akageuka ukutani kucheka. Sindano alipanda, akawasha. Mzee aliizunguka ile pikipiki kwa nyuma, akaitazama, akainua mguu, ukagoma, akauinua tena. Fundi wa viti wa miaka arobaini, na kiti cha nyuma hajawahi kukikalia hata siku moja. Akakaa. Pampu akaipakata kama mtoto, mkono mmoja akamzungusha binti yake kiunoni.

"Umeshika vizuri, Baba?"

"Nimeshika."

"Usiogope kwenye kona."

"Mimi sijafumba macho. Ondoka, mama, kunakuwa giza, na mkwe wangu yuko peke yake huko."